Nitoeje M(t,1) kwenye mlinganyo wa ramani bapa? (Sage, programu ya hisabati)

Mleta uzi: Wakuu, nahesabu ramani bapa zenye mzizi (grafu zilizochorwa kwenye bapa bila kingo kukatana, ukingo mmoja ukiwa na alama). M(t,u) ni mfululizo unaozihesabu: t inashika idadi ya kingo, u inashika urefu wa uso wa nje. Mlinganyo wa Tutte:

M(t,u) = 1 + tu²M(t,u)² + tu(uM(t,u) − M(t,1))/(u − 1)

Nataka M(t,1) tu. Nikiweka u = 1 napata 0/0; nikichukua kikomo, derivativu ya M kwa u inaingia kama kisichojulikana kipya. Nifanyeje?

kipeuo2: Usiiguse u = 1, mkuu. Zidisha kote kwa (u − 1), M(t,1) iite m:

a = tu²(u−1), b = tu² − u + 1, c = u − 1 − tum

Hapo aM² + bM + c = 0, na D = b² − 4ac = (2aM + b)². Upo mfululizo mmoja tu U = 1 + t + … unaoifanya 2aM + b kuwa sifuri, kwa hiyo U ni mzizi pacha wa D (mzizi unaojirudia mara mbili). Polinomia ikiwa na mzizi pacha, diskriminanti yake ni sifuri; basi chukua diskriminanti ya D kwa u, na u inatoweka yenyewe:

R.<u,t,m> = QQ[]
D = (t*u^2-u+1)^2 - 4*t*u^2*(u-1)*(u-1-t*u*m)
D.discriminant(u).factor()

Utapata −256t⁴(1 − tm)²(27t²m² + (1 − 18t)m + 16t − 1).

mzizi_pacha: Hapo kwenye vigawo ndipo wengi wanapotea. 1 − tm = 0 inatoa m = 1/t, ambayo haianzi na 1; tupa. Kigawo cha mwisho kipime kwa m = 1 + 2t + 9t² + …: kwenye t, 2 − 18 + 16 = 0; kwenye t², 27 + 9 − 36 = 0. Ndicho. Namba zinaendelea 54, 378, sawasawa na 2·3ⁿ(2n)!/(n!(n+2)!).

Mleta uzi: Safi sana. Ikitokea M³ je?

kipeuo2: Tumia njia ya Bousquet-Mélou na Jehanne (2006). Andika P(M,m,t,u) = 0, tafuta U inayofanya derivativu ya P kwa M iwe sifuri; ya kwa u inafuata kuwa sifuri pia. Milinganyo mitatu, visivyojulikana vitatu, ondoa M na U kwa besi ya Gröbner (njia ya kuondoa vigeu kwenye milinganyo ya polinomia). Zikiwepo U mbili, ongeza kigeu kipya s na mlinganyo s(U₁ − U₂) − 1 = 0, la sivyo majibu ya U₁ = U₂ yatakujazia takataka.

mzizi_pacha: Kumbukumbu ya mashine ikijaa, kokotoa vizigeu 40 vya kwanza vya m kwa kurudiarudia mlinganyo, kisha kisia polinomia ya m na t inayotoa sifuri. Digrii 2 kwa m na 2 kwa t ina vizigeu 9 vya kutafuta. Ukitumia namba 9 tu, kisio halijathibitisha kitu. Zilizobaki ndizo mashahidi, na uthibitisho kamili bado unadaiwa.