Naomba ushauri: ufumaji umemeza mambo yangu mengine yote

Habari zenu wapendwa. Mimi nabuni sweta za kufuma kwa mkono na kuuza pateni zake, yaani maelekezo ya kuzifuma. Zamani ilikuwa starehe tu, sasa imekuwa kazi isiyo na saa ya kufunga.

Kufuma kwenyewe wala si tatizo. Kinachonimaliza ni hesabu. Pateni moja naiandika kwa saizi tisa, na kila saizi ina shingo yake, mikono yake, kwapa lake. Juzi nikafanya uzembe: nilipima sampuli (kile kipande kidogo cha kujaribia uzi) kabla ya kuifua, nikapata vitanzi 22 kwa sentimita 10, nikaanzisha vitanzi 220 nikitarajia kifua cha sentimita 100. Nilipoifua sweta uzi ukalegea, vikawa 20 kwa sentimita 10. Kifua kikasoma sentimita 110! Nikafumua yote. Wiki mbili hizo, zimekwenda na maji.

Huku nyuma rangi zangu za kuchorea zimekaukia kwenye vikopo, na cherehani imegeuka meza ya kuwekea mabonge ya uzi. Nikishika brashi najiona kama mtoro wa kazi. Nikishika sindano, naiwaza brashi.

Mliopitia haya mlifanyaje? Mnatenga siku maalumu, au mnafuata moyo unakotaka? Ratiba nilishajaribu, ikadumu siku nne (ya tano nililala). Na kuna aliyepunguza idadi ya pateni bila kupoteza wateja?

Tafadhali msiniambie niache kuchora, hilo nimeshalikataa.