Matembezi ya Mji wa Kale Mombasa yanaharibiwa, na wanaoharibu ni waongozaji wenyewe

Ndugu zangu, hili limezidi na lazima lisemwe. Wanaowavizia wageni mbele ya lango la ngome ya Fort Jesus, pamoja na baadhi ya kampuni zinazotoza kwa dola, wamejitengenezea ziara moja ya dakika 40: ngome mbio mbio, mlango mmoja wa nakshi wa kupigia picha, duka la vinyago, duka la manukato, duka la viungo, kwaheri. Kila duka lina kamisheni yake, na kamisheni hiyo inatoka mfukoni mwa mgeni kwa sababu imeshapachikwa kwenye bei. Katikati ya maduka wanajaza hadithi za kubuni. Mgeni anarudi kwao akisimulia uongo kuhusu mji wetu, na anao ushahidi kwamba aliambiwa na mtu wa Mombasa.

Tuanze na ngome. Eti ilijengwa na Vasco da Gama. Vasco da Gama alifika hapa Aprili 1498, akaona hapakaliki, akaenda zake Malindi. Alikufa 1524. Ngome ilianza kujengwa 1593, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano wa Milan aliyekuwa akiwafanyia kazi Wareno. Mtu aliyekufa miaka karibu 70 kabla hawezi kuwekwa kwenye ujenzi huo hata kwa bahati mbaya.

Eti ilijengwa kuwa ghala la watumwa. Ilijengwa kulinda bandari na safari za Wareno za kwenda na kurudi India. Angalia zile ngome ndogo nne za pembeni, San Felipe, Santo Alberto, São Matias na São Mateus, zilivyopangwa ili mizinga ya moja ifunike ukuta wa nyingine. Vyumba vingi vinavyoonyeshwa kwa sauti ya huzuni kama "vya watumwa" vinatokana na wakati wa jela ya Waingereza, maana ngome ilikuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958. Utumwa ulikuwepo Mombasa, na historia yake ni nzito mno kufanyiwa maigizo mahali pasipo pake. Anayetaka kuieleza kwa haki awavushe watu hadi Kisauni, awaonyeshe Freretown, makao ya watumwa walioachiwa huru yaliyoanzishwa na wamishenari katika miaka ya 1870, na ile kengele iliyoupa mtaa wa Kengeleni jina.

Kinachoniuma zaidi ni yale yanayoachwa. Yusuf bin Hassan, mtoto wa mfalme wa Mvita, yaani Mombasa, alichukuliwa akiwa mdogo akalelewa Goa, akabatizwa Jerónimo Chingulia, kisha Wareno wakamrudisha atawale chini yao. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua nahodha wa ngome na kuwaua Wareno waliokuwa Mombasa. Hiyo ni habari ya kusimamisha watu midomo wazi, na huisikii kwa mwongozaji hata mmoja kati ya hao wa mbio mbio. Wala mzingiro wa Waomani, Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33, ambapo maradhi yaliua watu wengi ndani ya kuta kuliko vita vyenyewe. Meli ya Santo António de Tanná ilikuja kutoka Goa kusaidia, ikazama 1697 chini ya ngome hii hii. Wazamiaji waliifukua kati ya 1977 na 1980, na vitu vyake vimo kwenye maonyesho ndani. Watu wanapitishwa mbele ya kabati hizo bila kuambiwa neno! Halafu karne ya Wamazrui, ukoo wenye asili ya Oman uliotawala Mombasa 1741 hadi 1837, inakuwa sentensi moja.

Na tafadhali acheni kuwaambia watu kwamba Mji wa Kale wote ni urithi wa dunia wa UNESCO. Kilichoandikishwa 2011 ni ngome na handaki lake. Mitaa iko kwenye eneo la kuikinga tu, na tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mtu anayebomoa nyumba ya mawe usiku ili apandishe ghorofa.

Mitaani ndiko uongo wa "nyumba za miaka 500". Mpangilio wa mitaa ni wa zamani, na Msikiti wa Mandhry wa karibu 1570 umeitangulia hata ngome. Lakini nyumba nyingi zilizosimama leo kwenye barabara za Ndia Kuu na Mbarak Ali Hinawy ni za karne ya 19 na mwanzo wa ya 20. Zile roshani za mbao zilienea wafanyabiashara wa Kihindi walipojenga kwa wingi. Zina uzuri wake na umri wake halisi, haziongezewi heshima kwa kuzidishiwa miaka.

Mwongozaji anayejua kazi anasimama kwenye ukuta mmoja uliobambuka na kuwaonyesha watu. Ndani utaona mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na juu yake boriti za mikoko zilizobeba dari. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba, kama mita 2.5 hadi 3 hivi. Kisha awaonyeshe palipozibwa kwa saruji. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na kuutoa kupitia chokaa. Ukiufunika kwa saruji maji yanabaki ndani, chumvi inasukuma rangi, plasta inatoka vipande vipande, na ncha za boriti zilizomo ukutani zinaoza kimya kimya mpaka dari inashuka. Dakika tano hapo zinamfundisha mgeni kuliko maduka yote ya vinyago.

Mlango vilevile. Waonyesheni miimo, kizingiti cha juu, na mfaa, ule ubao wa katikati unaofunika mahali mbao mbili zinapokutana. Njumu za shaba ni mapambo na fahari ya mwenye nyumba. Hadithi kwamba ziliwekwa kuzuia ndovu irudisheni India ilikotoka, hapa mtaani Kibokoni hakuna ndovu aliyewahi kusukuma mlango wa mtu. Na anayemaliza ziara bila kumtaja Shehe Mvita, mwasisi wa mji kwa masimulizi ya wenyeji, wala Thenashara Taifa, yale makabila kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, amewatembeza watu kwenye mji usio na wenyewe.

Muda: ngome peke yake yataka saa moja na nusu, mitaa saa mbili. Ama uanze saa mbili asubuhi lango linapofunguliwa na umalize kabla jua la saa sita, ama uingie ngomeni saa tisa alasiri na kushika mitaa kuanzia saa kumi na nusu, mabaraza yakiwa na watu na viazi karai vikiwa motoni. Ijumaa, kati ya saa sita na saa nane, usipitishe kundi karibu na msikiti wowote. Kundi lisizidi watu 10. Nimeona ya watu 25 yakiziba njia mbele ya Mandhry: mkokoteni haupiti, wa nyuma hawasikii, mwongozaji anapaza sauti na ndani watu wanasali. Hapa ni nyumbani kwa watu. Msikae kwenye baraza bila salamu, msimpige picha mama aliyevaa buibui bila ruhusa, na bandarini ulizeni kabla ya kutoa kamera, pale ni forodha.

Pesa. Ada ya ngome hulipwa kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni, na risiti inakuja kwenye simu yako. Anayesema "nipe mkononi nikulipie" muache. Mkenya abebe kitambulisho, bei ya raia ni tofauti na ya mgeni, na hapo ndipo madalali wanapokula. Bei ya mwongozaji ikubaliwe kwa shilingi kabla ya hatua ya kwanza: ni ya kundi au ya kila mtu, ya saa ngapi, na maduka ni mangapi. Jibu sahihi la hilo la mwisho ni sifuri, mpaka mgeni aombe mwenyewe. Leseni mwongozaji aitoe bila kununa.

Mgeni akiomba kwenda Marikiti, lile soko la viungo, mlindeni. Zafarani ya kweli hupimwa kwa gramu. Mfuko mzima kwa bei ya pilipili manga si zafarani. Tia nyuzi chache kwenye maji ya vuguvugu: ya kweli hutoa rangi ya dhahabu polepole na uzi unabaki mwekundu, ya bandia humwaga wekundu papo hapo na uzi unapauka. Kanga nazo Biashara Street huuzwa kwa doti, vipande viwili. Kipande kimoja kwa bei ya doti ni wizi.

NYONGEZA: kuna aliyeuliza kama ziara inawezekana wakati wa Ramadhani. Inawezekana, tena ni wakati mzuri, ila asubuhi mitaa imelala na maduka mengi yamefungwa. Anzeni baada ya alasiri, watu wakiuza kaimati na sambusa za futari. Chupa za maji zibaki mkobani mkiwa njiani, na ziara ikome nusu saa kabla ya adhana ya magharibi, kwa sababu mwongozaji naye ana kwao pa kufuturu.