Ngozi ya mama imebadilika katika wiki ya tatu ya mionzi

Swali: Ndugu zangu, ninamuuguza mama anayetibiwa saratani ya matiti kwa mionzi hapa Dar es Salaam. Ngozi ya kifua na kwapa imekuwa nyeusi, inawasha na kubanduka. Je, nimpake mafuta ya nazi? Usiku silali kwa hofu.

Jibu la 1: Pole sana, dada. Kwenye ngozi yetu nyeusi, athari ya mionzi mara nyingi huonekana kama weusi kuliko wekundu, na huweza kuongezeka kwa wiki moja au mbili hata baada ya dozi ya mwisho. Mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, umkaushe taratibu bila kusugua wala kufuta alama alizochorwa kifuani za kuelekeza mionzi; kanga kuukuu ya pamba itamfaa kuliko sidiria. Kuhusu mafuta yoyote, hata ya nazi, waulize kwanza wauguzi wa mionzi. Akitoka usaha au akipata homa, mpeleke siku hiyohiyo.

Jibu la 2: Nilipomuuguza shangazi, nilichelewa mno kuomba zamu kwa ndugu, wewe omba leo. Wapo wanaojitenga wakidhani mgonjwa hutoa mionzi, ilhali ile ya mashine ya nje haibaki mwilini, hivyo hata wajukuu wamkumbatie.