Ukoo Barabarani 🚲 Siku ya 6, mvua

06:14 Rehema: Amkeni. Mvua haijakatika tangu saa nane usiku, kwa hiyo leo hatutoki. Ila kupumzika si kulala, kuna kazi. Kila mtu akishasoma ajibu.

06:21 Rehema: Baiskeli zote zipitiwe kabla ya saa sita. Jana tumepita kwenye tope, halafu watu wameziegemeza ukutani wakaenda kulala. Cheni ikishaoshwa mafuta na mvua, usiku mmoja tu inaota kutu. Futeni mpaka kitambaa kitoke safi, ndipo mtie tone moja kila pini huku mnazungusha pedali kinyumenyume, kisha futeni tena. Mafuta yaliyozidi ndiyo yanayoshika mchanga.

07:02 Rehema: Watu 9 mmesoma. Aliyejibu hakuna.

07:31 Mjomba Kassim: Huku nyumba ya chini salama. Maji yamefika ngazi ya kwanza, baiskeli tumeziingiza ndani.

07:33 Rehema: Shikamoo Mjomba, ahsante. Raba za breki mmeziangalia?

07:34 Mjomba Kassim: Marahaba. Bado.

07:50 Sudi: soksi zangu nikizikamua zinatoka maji ya kuogesha mtoto

07:51 Tatu: 😂😂 mtoto huyo atahama nyumbani

07:55 Rehema: Sudi, raba.

07:58 Sudi: ziko poa dada, niliziangalia jana

08:04 Hamisi: [Picha] Hii ni raba yake ya mbele, sasa hivi. Nimechokoa kwa pini punje 6 za mchanga na kijipande cha alumini kinachong'aa kama kucha. Hicho kimechunwa kwenye ringi yake mwenyewe. Ule mlio tuliokuwa tunausikia kwenye mteremko ndio huo.

08:05 Sudi: mi nilijua ndege

08:05 Tatu: 😂😂😂 ndege wa breki

09:10 Rehema: Sasa ya kesho. Tuna kilomita 94 na siku moja imeshaliwa. Tutoke saa 11 alfajiri, mvua iwepo isiwepo. Anayepinga aseme.

10:20 Rehema: Naona kimya. Nachukulia mmekubali.

11:05 Hamisi: Usichukulie, dada. Nimepima cheni ya Mwajuma. Pini hadi pini ni milimita 12.7, kwa hiyo nafasi 24 kwenye cheni mpya ni 304.8. Yake inatoa 307. Imevutika. Itafika, ila asibadili gia huku anakanyaga kwa nguvu mlimani. Cheni ya akiba anayo nani?

11:06 Rehema: Sudi. Sudi?

11:48 Rehema: SUDI

12:41 Mjomba Kassim: Mwanga hadi mshindo nimehesabu sekunde 6. Sauti inakwenda kilomita moja kwa sekunde 3 hivi, basi radi ipo kilomita 2. Mtu asitoke nje kujaribu breki. Tungoje dakika 30 baada ya mshindo wa mwisho.

12:43 Sudi: mjomba mi nimepata 4, njaa inanihesabisha haraka

12:43 Tatu: 😂😂 nyumba ya juu nani ana cha kutafuna, mwokoeni

12:44 Sudi: hata makombo

12:46 Rehema: Jamani radi! Sudi uko ndani au nje? Jibu hilo kwanza.

13:20 Sudi: ndani dada. cheni ya akiba ni ya gia 8, ya Mwajuma ni gia 10. haiingii

13:24 Hamisi: Hata ingeingia, cheni mpya juu ya meno yaliyochakaa inaruka. Aende na hiyohiyo, taratibu.

13:30 Rehema: Basi Mwajuma atakaa katikati, na sisi wa mbele tutamngoja juu ya kila mlima.

14:02 Mwajuma: Mtaningoja kama mlivyoningoja darajani?

14:29 Rehema: Mwaju, lile tulishaliongea.

14:33 Mwajuma: Mliongea nyinyi. Mimi nilibandika viraka 3, vyote vikabanduka, tyubu imelowa na sina hata kitambaa kikavu cha kuifutia. Taa zenu nyekundu nilizihesabu mpaka ya mwisho ikapotea.

14:40 Sudi: jamani kuhusu viatu, kuna mtu ana gazeti la kujazia ndani

14:41 Mjomba Kassim: Sudi, mwanangu. Ngoja kidogo.

14:55 Rehema: *Ujumbe huu umefutwa*

15:10 Rehema: Nilikuwa naongoza. Nilijua nyuma yuko Sudi.

15:48 Sudi: dada siku ile mi nilikuwa garini, goti

15:49 Rehema: Najua sasa. Siku ile sikujua.

19:05 Babu: Wajukuu zangu. Nimesoma yote tangu asubuhi, miwani imeniuma. Siku ya daraja simu ya Mwajuma niliipokea mimi. Meno yalikuwa yanagongana hata jina lake hakuweza kulitaja. Mpaka leo sijasikia aliyemwomba radhi. Rehema, wewe ni mwepesi, nami napenda wepesi wako. Lakini kesho mwendo ataupanga Mwajuma. Akisema tusimame, mtasimama. Akisema hatutoki, hamtoki.

19:06 Tatu: Sawa Babu.

19:06 Hamisi: Tumesikia Babu.

19:09 Mjomba Kassim: Tumesikia, Mzee.

19:15 Sudi: shikamoo babu. sawa

20:37 Rehema: Mwaju, nisamehe. Nilipaswa kugeuza baiskeli nilipoona wewe huonekani. Sikugeuza.

20:38 Rehema: Viatu vyako nimevitoa pale karibu na moto, gundi ya soli ingeachia. Nimevijaza karatasi, za kwanza zimeshalowa, nimeweka nyingine.

21:14 Mwajuma: Ahsante dada.

21:16 Rehema: Kesho nitakuwa wa mwisho kabisa, nyuma yako. Kitambaa kikavu na tyubu mpya 2 nimezifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Tutoke saa ngapi?

21:30 Mwajuma: Sijui bado. Nikiamka nitasikiliza bati kwanza.

21:31 Hamisi: Mkitoka na barabara bado mbichi, breki shikeni mapema. Mzunguko wa kwanza wa gurudumu raba inafuta maji tu, haishiki kitu. Na mistari ya rangi msiikanyage kwenye kona.

21:33 Rehema: Saa 11 ni sawa lakini? Au 12?

21:58 Mjomba Kassim: Huku maji yamepanda ngazi ya pili.

22:46 Tatu: Sasa alamu niweke au nisiweke?