MAFUNDI WA KAMPALA MMENILA SHILINGI 1,430,000 NA HAKUNA HATA MMOJA ALIYENIULIZA GARI LINAZIMA SAA NGAPI

Wakuu, naandika nikiwa Busia na hasira bado haijashuka, kwa hiyo mnivumilie.

Nina Noah ya 2003, injini ya D4 ya petroli. Iliingia nchini kabla ya ile sheria ya 2018 ya kuzuia magari yaliyopita miaka 15, na ndiyo inayolisha watoto wangu: mizigo midogo na abiria, Kampala–Busia, Busia–Kampala. Mwezi wa pili likaanza kuzima. Nikifika kwenye taa za Jinja Road nikaondoa mguu kwenye mafuta, injini inatetemeka kama mgonjwa wa malaria, halafu kimya. Boda wananipigia honi, trafiki ananitazama. Pale Namawojjolo lilizima mara tatu kwenye foleni, wauza kuku wakajaa madirishani wakidhani nimesimama kununua. Nilinunua. Ningefanyaje?

Ila likishakimbia, linakimbia. Nikipita Mabira na abiria saba linavuta vizuri, halikohoi. Shikeni hilo kichwani.

Fundi wa kwanza hakufungua hata boneti vizuri. "Plagi hizo, ssebo." 160,000. Siku mbili, yale yale. Akasema koili, tukaweka nne za mtumba, 320,000. Yale yale. Pampu ya petroli, 250,000. Kusafisha nozeli, 150,000. Kila akibadilisha kitu anawasha, anakanyaga mafuta hadi injini inapiga kelele, ananiambia "unasikia? Imekaa sawa." Ya kukanyaga mafuta nasikia, mzee. Ondoa mguu sasa! Hakuwahi kuondoa mguu.

Gereji ya pili wana mashine ya kupima, nikajua nimefika kwa wasomi. Wakachomeka, ikatoa namba ya hitilafu, P0400. Kijana akasoma kwenye simu yake akatangaza: vali ya EGR, ile ya kurudisha moshi wa ekzosi kwenye injini, imekufa, nunua nyingine. 350,000 ya mtumba, ufundi 200,000. Namba hiyo inasema tu kwamba mtiririko wa moshi unaorudi kwenye injini hauko sawa. Haisemi kama ni vali, njia iliyoziba, waya au sensa. Hapo ndipo kazi ya fundi inapoanza, si inapoishia.

Wakafunga. Nikatoka getini. Likazima getini.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja hapa Busia anayetengeneza malori, hana mashine yoyote. Aliniuliza swali moja: "Mwanangu, linazima ukiwa mbio au ukisimama?" Nikataka kulia. Miezi miwili, mafundi wawili, hakuna aliyeuliza.

Akanieleza akiwa amekaa juu ya tairi. Vali hii inarudisha moshi kidogo wa ekzosi kwenye njia ya hewa ili moto ndani ya silinda usiwe mkali mno, maana ukali huo ndio unaozalisha oksaidi za nitrojeni, gesi chafu. Injini ikiunguruma tu bila kukanyagwa, kwa kawaida vali inatakiwa ifunge kabisa. Masizi yakiishikilia wazi, moshi wenye oksijeni kidogo unachukua nafasi ya hewa, na wakati huo hewa yenyewe ni kidogo, kwa hiyo injini inakabwa. Ukikanyaga, hewa inaingia nyingi na moshi ule hausikiki. Pampu dhaifu au koili mbovu mara nyingi ingenitesa mlimani na mzigo, siyo kwenye taa. Kwa swali moja tu, 570,000 za koili na pampu zingebaki mfukoni.

Hakuishia kwenye maneno. Alikata bati la mkebe wa maziwa, akaliweka kati ya vali na manifoldi, bomba la kuingizia hewa kwenye injini, kuziba njia, kwa kupima tu. Tukawasha. Injini ikatulia kama inasali. Akaitoa vali, akamimina petroli kidogo juu ya kifuniko chake cha ndani: ikapita upande wa pili kama maji kwenye chujio. Hiyo ndiyo vali "nzima" ya 350,000, na ina masizi magumu kama lami! Yangu ya zamani nilikuwa nayo kwenye gazeti, kwa sababu nilidai nirudishiwe. Tukailoweka kwa dawa ya kusafishia kabureta, tukaisugua kwa mswaki, tukachokonoa na njia ya manifoldi iliyobaki tundu la kupitisha penseli. Petroli ikamiminwa tena. Haikuvuja hata tone. Tukaifunga na gasketi mpya, na leo ni siku ya tisa, foleni zote, halijazima.

Kabla ya kuniambia "si ungeacha bati humo humo": mzee alikataa, nami nakataa. Taa ya injini itarudi, silinda zitachemka zaidi, na moshi wa Kampala tunaovuta unatutosha.

Muuza spea nimempigia. Kasema spea ya umeme ikishafungwa hairudishwi. Kaka, umeniuzia masizi!

Na wewe fundi wa kwanza, najua unasoma humu kwa sababu ndiko nilikokupata. Plagi nakuachia. Koili zangu nne na pampu niliyokuja nayo zilikuwa nzima, na uliniambia umezitupa, lakini kijana wako aliniambia ziko kwenye boksi chini ya meza. Ijumaa saa tatu asubuhi nitakuwa hapo. Ziwe mezani.