Madereva, mtatuua kwenye kona!

Wakuu, leo nimefika mwisho wa uvumilivu.

Asubuhi niko na baiskeli yangu kwenye kona kali, barabara nyembamba, mbele huoni kitu. Gari likaja nyuma yangu, likapiga honi mbili, likanipita hapohapo. Katikati ya kona likatokea jingine likija. Sasa huyo aliyenipita akwepee wapi? Akanirudia mimi! Kioo chake cha pembeni kikanigonga kiwiko, tairi langu la mbele likashuka kwenye changarawe, nikasimama kwa mguu mmoja mikono ikitetemeka. Yeye hata breki hakugusa. Kiwiko kimevimba mpaka sasa ninapoandika.

Na jibu nalijua: "Si ungekaa pembeni?" Pembeni ipi? Ukingo wa lami umemeguka, chini yake mchanga, mashimo na vipande vya chupa. Ukishashuka huko, kupanda tena kwenye lami ni balaa, kwa sababu tairi jembamba linateleza sambamba na ule ukingo na unaanguka upande wa magari. Tena nikijibana pembeni kabisa, dereva anaona upenyo na anajipenyeza. Nikikaa katikati ya njia yangu ananiona mapema na hana budi kusubiri. Mnaita kiburi! Mwongozo wa barabara wa Uingereza tangu 2022 unawashauri waendesha baiskeli wafanye hivyohivyo barabara inapobana.

Ujerumani tangu 2020 sheria inamtaka dereva aache mita 1.5 mjini na mita 2 nje ya mji anapompita mwenye baiskeli. Hebu pigeni hesabu. Mimi na usukani wangu ni kama sentimita 70, weka ile mita 1.5, weka na gari lenye upana wa mita 1.8. Hizo ni mita 4 tayari, na njia yenyewe mara nyingi haifiki hapo. Maana yake huwezi kunipita bila kuingia njia ya anayekuja, na kwenye kona huyo anayekuja humwoni. Magari mawili yakikabiliana kila moja kwa kilomita 60 kwa saa, yanakaribiana zaidi ya mita 30 kwa sekunde moja. Utawahi kufanya nini?

Malori yenye tela ndiyo usiseme. Kichwa kinakupita vizuri, unashusha pumzi, kumbe tela linakata kona kwa ndani na magurudumu ya nyuma yanakufuata ulipo.

Wenzangu mnaoendesha usiku bila taa, nanyi mnakosea, hilo nalikubali. Lakini mimi nilikuwa na taa nyekundu inayowaka na koti la kuakisi mwanga, mchana kweupe!

Ukinikuta kwenye kona, punguza mwendo, kaa nyuma, honi iache. Kona ikiisha na mbele kukiwa kweupe, nitasogea mwenyewe na kukupungia mkono upite.