Naomba ushauri: printa ya zamani na Windows 11
Wakuu, habari za kazi. Nina steshenari ndogo, na kompyuta yangu bado ina Windows 10 ya biti 32. Kwa kuwa msaada wake ulikoma Oktoba 14, 2025, nataka kuhamia Windows 11, ambayo ipo ya biti 64 tu. Hofu yangu ni printa kugoma huko. Ni ya leza, inapiga kelele kama cherehani lakini haijawahi kuniangusha, na CD ya draiva yake (programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia printa) imeandikwa Windows XP na Vista. Fundi kaniambia ninunue mpya. Rahisi kusema, si hela yake! Kuna aliyefanikiwa kutumia printa ya umri huo kwa draiva ya jumla, yaani isiyo ya modeli moja tu? Au nibakize mashine hii bila intaneti, iwe ya kuprinti tu?